Katuni ya Nane

Kwenye banda langu la video hapa Turiani kuna sheria moja ambayo siitanii: huruhusiwi kusema katuni ni mbaya kama hujaiangalia mpaka mwisho. Ukilala nitakuacha, ukitafuna miwa nitakupa ndoo ya makapi. Lakini mtu aliyeangalia nusu halafu akaja na maoni mazima, huyo namtoa. Nimeshawatoa wengi, na mmoja wao alikuwa shemeji yangu.

Sheria hiyo niliiweka kwa ajili ya katuni za Kipepeo. Jina halisi la studio yao hatulijui. Ni ya huko mbali, na mpaka zitufikie huku zimeshapita mikono mingi: mwanzo umekatwa, majina yamekatwa, na juu yake kuna sauti ya mtafsiri wa Dar anayetueleza kwa Kiswahili nani kasema nini. Kilichobaki ni kipepeo wa buluu anayetua kwenye kona ya kioo kabla picha haijaanza. Basi tukaziita za Kipepeo, na kila moja tukaipa jina letu: Mchuuzi wa Mvua, Nyumba Inayoelea, Mjusi wa Reli na nyinginezo. Ziko saba tu, na mimi nazijua kama ninavyozijua sufuria zangu.

Kila mtu hapa ana yake aliyoiweka juu na yake aliyoitupa chini. Said, kijana wa bodaboda, anasema bora ni Mjusi wa Reli kwa sababu ina mbio, na mbovu kuliko zote ni Nyumba Inayoelea. "Saa nzima, dada Sabra, nyumba inaelea tu. Haigongi hata mti." Mimi kwangu hiyo hiyo Nyumba Inayoelea ndiyo ya kwanza. Mtu aliyechoka akae, aiache ile nyumba imbebe juu ya mashamba ya watu wasiomdai kitu. Magreth, anayeuza mlangoni pangu kabichi na karoti za kwao Mgeta, yeye anazipenda zote isipokuwa ile ya samaki mpishi. Anauliza samaki gani huyo mwenye moyo wa kuwakaanga wenzake.

Luqmani hakuwa na maoni. Ni mlinzi wa usiku kwenye mashamba ya miwa, mtu mzima, mpole, ndevu zimeanza kuingia mvi. Asubuhi akitoka zamu alikuja moja kwa moja, akakaa pembeni pale feni inapofika, na kipepeo alikuwa hajakunja mbawa zake Luqmani keshasinzia. Miaka yote hiyo aliziangalia katuni zangu kwa namna hiyo, macho yamefumba na kofia magotini.

Siku moja ya masika, mvua inapiga bati mpaka mtafsiri hasikiki, Luqmani aliamka akanifuata mlangoni.

"Dada Sabra, ile ya mwisho inaitwaje?"

"Mchuuzi wa Mvua."

"Siyo hiyo. Ile iliyofuata. Ya milimani."

Nikamwambia hakuna iliyofuata, nimezima mashine muda mrefu. Akatikisa kichwa taratibu, akaanza kunisimulia. Kuna mlima umekatwa ngazi ngazi, na kila ngazi ina njegere zilizotoa maua. Ukungu unapanda kutoka bondeni kama unavyopanda uji unaotaka kumwagika. Maji yanakuja mpaka mlangoni kwa mianzi iliyopasuliwa, na mbuzi wanaishi kwenye kibanda chenye miguu mirefu. Halafu kuna mtoto anapaa juu ya njia, hagusi chini. Nyuma yake anakuja mwanamke akicheza, mikono juu, mkononi ana kitu chekundu anakipunga. Kila akikaribia, ukungu unamfunika uso.

"Hapo ikaisha," akasema. "Nimeziona zote humu, dada. Hiyo ndiyo bora."

"Hukuziona zote, ulizilalia zote. Na hiyo umeiota."

"Sikuiota. Nilisikia baridi."

Turiani ni joto hata wakati wa masika; kusikia baridi ni jambo la mtu mwenye malaria. Nikamwambia akapime. Hakwenda kupima, alikwenda kuwauliza wengine.

Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana watu wangu wana kila kitu isipokuwa uwezo wa kusema "sijui". Said, alipoulizwa mbele ya wenzake kama anaijua katuni ya milimani, alijibu bila kupepesa kwamba aliiona Dumila. Akaongeza kwamba ni mbovu. "Mwanzo upo poa, ila ile dansi ya mwisho wameirefusha bure." Kesho yake mwingine akasema aliiona Dakawa, na kwamba kile kitu chekundu ni bendera, kijiji kilikuwa kimeshinda vita. Wa tatu akabisha, si bendera, ni kitambaa cha harusi. Mwezi haujaisha, katuni isiyokuwepo ilikuwa na wapenzi, ina maadui, na mchana mmoja nilisikia ikitajwa ya pili kwa ubora, juu ya Nyumba Inayoelea. Niliwaka. Nilisimama katikati ya banda nikawaambia ninyi nyote mmevunja sheria yangu mara mia, mnaisema vibaya katuni ambayo haina mwanzo wala mwisho. Wakanitazama kwa huruma, wakaniambia pole, dada, utaiona tu.

Luqmani peke yake hakubishana. Alinunua flashi, akaivaa shingoni kwa uzi, akawa anazunguka kwenye vibanda vya kuwekea watu filamu, hapa, Dumila, hata Morogoro mjini. Kila alikokwenda alisimulia ule mlima, na kila aliporudi flashi ilikuwa tupu. Alikonda. Mchana mmoja, watu wameondoka, nikamuuliza kwa nini anajitesa.

"Mama yangu alifariki sijapata akili," akasema. "Marehemu baba ndiye aliyenileta huku kwenye kiwanda cha sukari, akanilea. Picha hakuniachia hata moja. Nilikuwa nikimuuliza mama alikuwa wa wapi, anasema Morogoro, basi. Sasa yule mwanamke... najua ni mchoro, dada Sabra. Sijachanganyikiwa. Ila nilipomwona nilihisi ni wangu, na uso wake sikuuona. Nikiipata tena sitalala. Nataka niuone uso tu."

Nilimwonea huruma mpaka nikamkaribisha chai, jambo ambalo wateja wangu hawalijui.

Aliyekata shauri ni Magreth. Siku hiyo walikuwa wanabishana tena, Said akisema wale mbuzi wa kibanda cha miguu mirefu ni uongo wa wachoraji, mbuzi gani anaishi ghorofani. Magreth akaingia na karoti zake mkononi. "Kwetu wanaishi hivyo hivyo," akasema, "na maji ya mianzi yapo." Akamgeukia Luqmani. "Kaka, humu zote zina sauti ya yule mtafsiri. Hiyo yako walikuwa wanaongea nini?"

Luqmani alifikiri. "Si Kiswahili. Lakini nilikuwa nawaelewa."

Magreth akaweka karoti zake chini, kisha akamwambia jambo kwa Kiluguru, haraka haraka, kama mtu anavyomtuma mtu wa nyumbani. Mimi sikuambulia hata neno. Luqmani aliinuka, akaenda mlangoni, akaufunga mlango. Alipogeuka alikuta tunamtazama.

"Nimemwambia afunge mlango, mvua inaingia," Magreth akasema.

Luqmani alibaki ameshika komeo. Hajawahi kujifunza Kiluguru; baba yake alikuwa mtu wa kutoka mbali, si Mluguru, na huku kiwandani kila mtu ana lugha yake ya nyumbani na Kiswahili cha kazini. Said akavua kofia yake taratibu, na siku hiyo hakuna aliyebishana tena.

Wiki iliyofuata nilifunga banda. Niliwaambia watu nakwenda kuhakikisha kwamba katuni ya nane haipo. Mimi, Luqmani na Magreth tulilala Morogoro mjini kwa dada yake Magreth, na asubuhi tukapanda gari la Mgeta, kwao Magreth, juu kwenye milima ya Uluguru. Njiani Magreth alitueleza atakavyouliza. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba akimbeba mtoto akatokomea naye, hajamkosea mke tu, ameuibia ukoo mzima, na jambo hilo hawalisahau. "Sitauliza nani aliishi wapi," akasema. "Nitauliza ukoo gani unamdai mtu."

Gari lilipanda, likapanda. Joto tuliliacha chini, harufu ya miwa iliyokuwa nguoni mwetu nayo ikatuacha. Ukungu uliingia madirishani ukakaa nasi kwenye viti, na mlima ukawa unatokea kipande kipande: ngazi moja ya njegere, mti wa matunda ya plamsi, paa, halafu hakuna kitu. Sikuwahi kuota macho yangu yakiwa wazi, lakini ile saa niliota. Nilimwangalia Luqmani. Hakuwa amesinzia hata kidogo, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mchana akiwa macho muda mrefu kiasi kile. Alikuwa ameficha mikono kwapani, anatetemeka, anatabasamu.

Gulioni Nyandira, huko huko Mgeta, Magreth aliwauliza wanawake wa makamo, mmoja baada ya mwingine. Hakufika mbali. Muuza viazi mmoja alimsikiliza, akamtazama Luqmani toka miguuni mpaka kichwani, akaacha viazi vyake akatuongoza mwenyewe. Tulitembea kwa njia nyembamba inayozunguka mlima, na kwenye kona moja Luqmani alisimama akasema, "Hapa ndipo alipokuwa anapaa." Tukaendelea. Mianzi ya maji ilikuwepo, kibanda cha mbuzi kilikuwepo, na mlangoni alikuwepo mama mmoja mzee ameweka ungo mapajani, anamenya njegere. Aliitwa Eufrazia.

"Shikamoo, mama," Luqmani akasema.

"Marahaba." Muuza viazi aliinama akamnong'oneza. Yule mama hakupiga kelele wala hakuinuka. Alimwita Luqmani karibu, akamshika kidevu, akamgeuza kichwa huku na huku kama anayechagua kabichi. "Oska," akasema. "Wewe ni Oska wa dada yangu."

Tulikaa. Mgongoni kwa nyumba mbuzi walikuwa wanalia. Mama Eufrazia akauliza nani aliyemwelekeza njia, na Luqmani, kwa adabu zake zote, akamsimulia: ngazi za njegere, maji ya mianzi, mtoto anayepaa, mwanamke anayecheza na kitu chekundu. Alisimulia vizuri kuliko siku zote. Alipofika kwenye dansi sauti yake ilikuwa na furaha, na mimi nikaona vidole vya mama vimesimama juu ya ungo.

"Ulikuwa hupai," akasema. "Ulikuwa mabegani kwa baba yako. Aligombana na wajomba zako, asubuhi akakubeba akaondoka. Dada alikuwa shambani. Alipowaona mnakata kona akakimbia."

"Alikuwa anacheza," Luqmani akasema kwa sauti ndogo.

"Alikuwa anakimbia, baba. Alijua hatawapata, yule bwana alikuwa na miguu mirefu. Alikuwa anakuletea sweta lako jekundu. Alisema huko mnakokwenda kutakuwa na baridi, mtoto ataugua."

Mimi ninayeishi Turiani, ninayelala mlango wazi kwa joto, nililia pale pale, na sioni aibu kusema. Nikamkumbuka Said na dansi iliyorefushwa bure. Nikakumbuka bendera na harusi, na watu wazima wakipigana vikumbo kuipanga juu au chini, na mimi katikati nikipiga kelele za sheria.

"Alifariki lini?" Luqmani akauliza.

"Ulikuwa tayari mtu wa kuoa. Kabla ya hapo, ukiwa bado mdogo, alishuka huko kiwandani mara mbili kukutafuta. Akauliza Oska, Oska. Wakamwambia hakuna mtoto wa jina hilo."

"Nilikuwa naitwa Luqmani."

"Ndiyo tunajua leo."

"Kwa hiyo alikuwepo," akasema. "Miaka yote ile alikuwepo."

"Alikuwepo."

Magreth alishika mkono wangu. Kisha Luqmani akauliza kama ipo picha, hata ndogo, hata ya kitambulisho. Mama Eufrazia akasema haipo. Dada hakupenda kupigwa, na ile moja ya kanisani iliharibiwa na unyevu.

Akamtazama mtoto wa dada yake, na nadhani ndipo alipoelewa alichokifuata. Akaweka ungo chini. Akafuta mikono kwenye kanga, akaivua ile aliyojitanda kichwani, na kwa shida ya magoti akakisogeza kigoda chake mpaka pale mwanga wa mlangoni unapofika.

"Tulizaliwa tumbo moja," akasema. "Sokoni watu walikuwa wanatuchanganya. Yeye pua ilikuwa nyembamba kidogo, na alikuwa mzuri kunizidi, hilo nalikubali. Haya. Nitazame."

Luqmani akamtazama. Kuku waliingia wakaanza kudonoa njegere kwenye ungo, na yule mama, ambaye asubuhi nzima alikuwa anazimenya, hakuwafukuza.