Mdogo Wangu Alipokuwa Jitu Baya

Idi iliyopita nilikwenda Bagamoyo kula sikukuu kwa mdogo wangu. Sijavua hata viatu, binti yake akanijia na simu mkononi.

"Shikamoo shangazi. Mama anasema wewe umesoma katuni zote za dunia. Mimi nianze na zipi?"

Wewe unanijua, kwa habari hizo sihitaji kubembelezwa. Nikamwambia zile za mashujaa wa Kimarekani asianze na zisizokwisha, ambazo kila mtu hufa kisha akafufuka. Atafute kisa kimoja kinachoanza na kumalizika. Manga aanzie zile za michezo, kwa sababu humo hata anayeshindwa hupewa heshima yake. Halafu nikamwambia awapime waandishi kwa watu wabaya wao. Katuni ambayo mtu mbaya hana la maana la kusema, aitupe.

"Baba naye alikuwa anasoma?"

Mdogo wangu alikuwa mlangoni, kabeba sinia la pilau. Akanitikisia kichwa: usiseme. Nikamtii, lakini hasira ilinipanda kana kwamba mambo yalikuwa jana. Basi nakwambia wewe.

Tulipokuwa wadogo tulikaa nyuma ya mtaa wa maduka ya zamani, yale ya mawe yenye roshani za mbao. Palikuwa na Mhindi muuza vitambaa, na mkewe sisi tulimwita Mama Vitambaa. Wanawe walikuwa wamehamia ng'ambo wakamwachia sanduku la bati limejaa katuni za Kiingereza, zinanuka dawa ya mende na udi. Akawa anatuazima. "Mikono!" alikuwa akisema, na asiyenawa harudi na kitu. Kuchagua hakukuachia. Alikutazama usoni, akainama sandukuni, akaibuka na chako. Mimi niliyependa umbea alinipa za wapelelezi. Mdogo wangu alimpa moja yenye jitu baya lenye maneno mengi kuliko shujaa mwenyewe.

Ajabu, maana mdogo wangu alikuwa na kigugumizi. Na si cha mchezo. Alikuwa akianza neno, shingo inamkaza, macho yanamtoka, na mwishowe anaonyesha kwa kidole. Akitumwa dukani mama alinituma na mimi nikamsemee.

Siku ile nilikuwa juu ya mbuzi nakuna nazi, mama anapepeta mchele, nyumba nzima inanuka samaki wa kukaanga. Yeye kakaa kizingitini na katuni yake. Kiingereza chenyewe hakukijua, alifuata picha akatunga maneno yake. Ghafla tukasikia sauti nene, imenyooka: "Nyinyi wadudu! Mnadhani ukuta huu utawaficha? Nimekuja kula jua lenu!"

Mama aliacha ungo hewani. Nami nikaacha kukuna, tusije tukaiharibu ile sauti.

Tangu siku hiyo, kila baada ya chuo cha Kurani, alitusomea. Bibi jirani alikuja na kigoda chake na tambuu mdomoni, na jitu likipigwa anasikitika, "Masikini, linasema vizuri hivyo." Taratibu ile sauti ikaanza kumtoka hata bila katuni. Asubuhi moja alikwenda dukani peke yake akarudi na sukari. Mama alimuuliza mara mbili nani kamsemea. Kisha akakaa chini akalia, huku kapakata ile sukari.

Halafu mwalimu wake wa darasa akapekua mikoba. Alikuta ile katuni, akakuta na za watoto wengine, zote za Mama Vitambaa. Wakati wa mstari akazirundika mbele ya shule yote, akamwita mdogo wangu.

"Haya, waambie wenzako hiki ni nini."

Mdogo wangu alijaribu. Nilikuwa mstari wa nyuma, nikaiona shingo inakaza. "Ki-ki-ki..." Mwalimu akamwigiza, "Ki-ki-ki!" Shule ikaangua kicheko. Akamchapa bakora, akazimwagia zile katuni mafuta ya taa, akawasha.

Mtu alikwishakimbia kumwita Mama Vitambaa. Alifika na sari yake imejaa vumbi, anahema.

"Mwalimu, hivi ni vya wanangu. Si ungeniita nije nivichukue?"

"Mama, hapa tunafundisha watu. Hatufugi wahuni."

Mama Vitambaa alisimama pale mpaka moto ukaisha. Zilizobaki sandukuni akampa muuza karanga, na kwa muda mrefu mji mzima ulifungiwa karanga kwa kurasa za mashujaa. Nilizinunua nisome, hadithi zisizo na mwanzo wala mwisho. Mdogo wangu alikula karanga, karatasi akaitupa bila kuitazama.

Leo anachomelea mageti kule Zinga, na kazi yake inasifiwa. Wateja huzungumza na mkewe.

Sasa sikia ya Idi. Alasiri, yule mwalimu akaingia. Kazeeka, kavaa kanzu nyeupe, anapita nyumba kwa nyumba kutoa mkono wa Idi. Mdogo wangu akanyanyuka kwa adabu zake zote.

"Shi-shi-shikamoo mwa-mwalimu."

"Marahaba!" Mzee akacheka. "We bado tu na kigugumizi chako?"

Nikasimama. "Mwalimu, huyu alikuwa ameshapona. Ulimnyamazisha wewe, siku uliyochoma zile katuni."

Akanitazama, hana hata haya, kama mtu anayeulizwa alikula nini zamani. "Nilichoma vingi, mwanangu. Sikumbuki hivyo vyenu."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Mdogo wangu akanishika mkono. "Da-dada. Leo si-sikukuu." Akamkaribisha mzee mkekani, akampakulia pilau, akamtafutia na paja la kuku. Mimi nilitoka nje.

Duka la vitambaa sasa ni nyumba ya wageni, roshani imepakwa rangi. Mama Vitambaa alifuata wanawe, na bibi jirani tulishamzika. Binti wa mdogo wangu hunitumia ujumbe kila wiki kuniuliza asome nini, nami namjibu, na wenyewe tunaelewana. Lakini mimi ninaposoma na kufika kwa mtu mbaya, hufumba macho nikaitafuta ile sauti nene ya kizingitini. Siipati. Ninachosikia ni shule inacheka.