Gunia Lililolinda Ordinateri

Wakati wa vita, nyumba nyingi mtaani kwetu Bujumbura ziliziba dirisha kwa gunia la maharage. Risasi ya milimani ikipotea njia, ikutane na chakula kwanza. Dada yangu aliegemeza meza ya ordinateri, yaani kompyuta, kwenye gunia letu, maana waya wa umeme haukufika kwingine. Hapo ndipo alipoandika memwari, tasnifu yake ya kumalizia chuo kikuu. Ilitakiwa Jumatatu. Vita vilishamlia miaka mitatu ya masomo, na akikosa siku hiyo, angerudia mwaka.

Ijumaa jioni milio ilianza. Sote tukalala sakafuni, isipokuwa yeye.

"We mutoto, utakufa sababu ya makaratasi!" mama akamfokea kutoka chini ya kitanda.

"Acha nimalize kuandika hii paji kwanza, mama."

Jumamosi asubuhi ordinateri ikazimika ghafla, harufu ya kuungua ikajaa chumbani.

"Nani anaunguza maharage?" mama akauliza. Jiko lilikuwa baridi, kwa hiyo hatukumjali.

Dada alilia kwa kwikwi. Disketi yake ya akiba ilikuwa imeharibika wiki iliyotangulia. Tukamwita mjomba, fundi wa magari wa mtaa wa Buyenzi, ambaye hajawahi kukiri kuwa kuna mashine asiyoijua. Aliinusa, akaigonga ubavuni, akaitikisa. Ndani kukasikika vitu vikigongana.

"Imepigwa risasi," akatangaza. Miaka ile, hata gari lililoishiwa mafuta mjomba alilitafutia tundu la risasi.

"Ile ni sauti ya maharage," mama akasema. "Mi nayapepeta toka nikiwa mutoto."

"Apana, dada," mjomba akamjibu. "Maharage inaingia mu ordinateri kufanya nini?"

Wakabishana nusu saa nzima, na dada yangu ameshika kichwa. Hasira zikanipanda, nikafungua skrubu mwenyewe. Maharage yakamwagika hadi miguuni. Punje moja, nyeusi tititi kwa kuungua, ilikuwa imekwamisha feni, mashine ikapata moto mpaka ikajizima. Mjomba akaichomoa kwa koleo. Tukangoja ipoe, tukawasha, ikawaka. Memwari ilikuwemo yote, imebaki hitimisho tu. Mama alitamba kama aliyepewa diploma.

Mjomba hapendi kushindwa, basi akaligeukia gunia. Maharage yalikuwa yakichuruzika kutoka kitundu kidogo hadi nyuma ya ordinateri, palipokosekana kibati kimoja cha kuziba tundu.

"Panya," mama akasema.

Mjomba akaingiza kidole, akatoa risasi. Ilikuwa imepita gunia zima, ikachana kitambaa cha gunia upande wetu, ikachokea hapo, usawa wa uso wa mtu aliyekaa kwenye kiti. Sote tukakitazama kile kiti.

Mama aliacha kutamba. Alimshika dada kichwa kwa mikono miwili, akampapasa na kumpapasa.

Hitimisho la memwari dada aliliandika sakafuni, kifudifudi, ordinateri tumeishusha chini. Mama alilala kando yake, upande wa dirisha.