Nyuki Niliyemshika kwa Mkono

Mvua ya mwaka jana ilipokwisha, nyasi za nyuma ya ploti yetu Kitengela zilijaa maua ya zambarau. Jirani yetu mama Mmaasai, tunayemwita Yeyo kama wanawe wamwitavyo, alinikuta nikimkwepa mdudu mnene mwenye manyoya ya manjano na mkanda mweusi.

"Unakimbia nini? Hiyo si nyuki. Hiyo ni nondo, ndugu ya wale wanagonga taa usiku."

Akaniambia nitazame anavyokula. Nyuki hutua, huzama ndani ya ua, hutoka miguu imejaa unga. Huyu hakutua kabisa. Alielea hewani akivuma, akachomoa mrija mwembamba kama uzi, akanywa, akahamia ua lingine. Na mwiba hana.

Mtu mwema angeridhika kujua hayo. Mimi nilimngoja shemeji.

Shemeji, mdogo wa mume wangu, hachoki kutuambia kwamba kwao Ukambani watoto hulelewa kando ya mizinga, nasi wa Kiambu tunajua viazi tu. Jumamosi alipokuja, nilimpeleka kwenye maua, nikamfumbata nondo mmoja kiganjani.

"Wacha! Atakuuma!" Alirudi nyuma hadi akakanyaga mavi ya ng'ombe.

"Hawa wananijua," nikasema, nikamwachilia.

Sikujua angetangaza. Jumapili kundi la nyuki lilikuwa limeingia kwenye spika ya kanisa, na mzee wa kanisa akaja moja kwa moja hadi kwenye benchi langu.

"Mama, tumesikia uko na mkono wa nyuki."

Ningekiri pale pale. Lakini shemeji alikuwa akinitazama kwa fahari kama amenizaa yeye. Nikaenda, nikanyoosha mkono. Wa kwanza aliniuma mdomoni. Waliobaki walinisindikiza hadi barabarani.

Nilikiri nikiwa na mdomo kama mandazi. Mzee alinitaka nirudie mara tatu kabla ya kuelewa neno "nondo". Shemeji alicheka hadi akaketi chini.

"Sasa wewe mtu wa mizinga, mbona hukumtambua?" nikamuuliza.

"Nani alimwangalia mdudu? Mimi niliangalia mkono wako."

Kisha akavua koti, akawasha mavi makavu ya ng'ombe, na kwa moshi ule akawahamisha nyuki wote polepole kwenye boksi, bila kuumwa hata mara moja. Mzinga wake sasa unaning'inia kwenye mgunga karibu na boma la Yeyo. Mimi nikienda kumsalimia huyo mama, nazungukia mbali, upande wa mbuzi.