Jina la Mama Mwewa Gazetini

Nakumbuka asubuhi moja niliyofika mtaani Naviundu na daftari jipya mfukoni, Mwanangu, nikiwa mwandishi mchanga wa gazeti moja la Lubumbashi. Ilikuwa enzi ya Zaire na chama kimoja, na sisi wa gazetini tulijua vizuri ni milango ipi haipigiwi hodi. Umeniambia kwamba huko redioni kwenu mnabishana kuhusu sheria ya kulinda siri za watu. Basi nisikilize kabla hujachagua upande.

Watu wa Naviundu walilalamika kwamba kiwanda cha sabuni kilimwaga uchafu mtoni. Maji yale yale waliyanywa, waliyaogea, waliyatumia kumwagilia mboga. Nilimkuta Mama Mwewa kwenye matuta yake ya lengalenga, mchicha wetu, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye sauti ya chini. Alinionyesha mikono iliyobabuka. Kisha, labda kwa sababu nilimsikiliza kwa adabu, akaniambia jambo jingine: tangu yeye na mumewe wahamie pale mimba tatu zilikuwa zimemtoka, na ukoo wa mume ulijua moja tu.

“Ile ya mimba usiandike,” akasema. “Andika mambo ya mayi.”

Nikamwahidi.

Ofisini mhariri wetu alisoma habari yangu, akakata jina la mkurugenzi wa kiwanda. Mkurugenzi yule alikuwa mtu mzito katika chama. “Hayo ni mambo yake binafsi,” mhariri akaniambia. “Tusimvunjie heshima.” Kuchafua mto wa watu, Mwanangu, kukaitwa jambo la binafsi. Nilikubali. Niliogopa kupoteza kazi na, nisikudanganye, niliogopa pia kufungwa.

Bila jina lile habari ilibaki baridi. Nikaitafutia moto. Nikaandika jina la Mama Mwewa, mtaa wake, na mimba zote tatu. Hakuna aliyenilazimisha. Nilijiambia tu kwamba wananchi wana haki ya kujua.

Wiki iliyofuata nilirudi Naviundu nikitarajia shukrani. Nikamkuta Mama Mwewa ameketi juu ya vifurushi vyake kando ya barabara, akingoja lori la Kasomeno, ili kutoka huko atafute njia ya kufika kwao Kilwa, ile ya huku kwetu Zaire. Jirani alikuwa amemsomea mama mkwe wa Mama Mwewa lile gazeti. Ukoo wa mume ukasema amewaficha ugonjwa, wakamrudisha kwao. Mume hakumtetea.

Nikaanza kumweleza kwamba nilitaka kusaidia. Akanikatiza, bila kupandisha sauti.

“Jina yangu umeiandika mara ine,” akasema. “Ya mukubwa wa kiwanda iko wapi?”

Nikageuka kutazama kama lori linakuja.

“Ni yeye alimwanga ule uchafu. Miye nilikunywa tu.”

Lori likaja. Nilinyoosha mikono nimpandishie mizigo, akatikisa kichwa. Alipandisha mwenyewe.

Mto haukusafishwa mwaka ule, wala uliofuata. Nilimwandikia Mama Mwewa barua ya kuomba radhi, nikampa dereva mmoja aipeleke. Ilipita miaka mingi kabla sijafika Kilwa mwenyewe, na nilipofika kaka yake aliniambia kwamba dada yake ameshafariki. Barua iliwafikia, akasema. Alimsomea mara mbili. Aliposema amwandikie jibu, Mama Mwewa alikataa.

Mwanangu, sheria ile itetee, lakini kila siku utazame inamkinga nani. Mkubwa akikuambia jambo fulani ni siri yake, uliza kama kuna watu wanaoumizwa na siri hiyo. Wakiwapo, si yake peke yake tena. Iandike. Mtu mdogo akikuomba umfichie jambo la mwili wake au la nyumba yake, mfichie. Watu walihitaji kujua maji yana nini na nani aliyachafua. Tumbo la Mama Mwewa halikuwa haki yao, wala yangu. Na siku utakapowaogopa wakubwa, kama nilivyowaogopa mimi, habari yako na iwe fupi. Usiijaze kwa mtu asiyeweza kukujibu.

Mungu akupe moyo ambao mimi sikuwa nao. Akulinde na wenye nguvu, na wanyonge awalinde na kalamu yako.