Baba Yake Anatuma

Barua ya kaunti ilikuja Jumanne. Niliisoma nikiwa nimesimama, koti bado mwilini. Ilisema kwamba kuanzia mwezi ujao kadi yangu ya msaada wa chakula itafungwa, kwa sababu kipato cha nyumba kimepita kiwango. Nyumba ni mimi na binti yangu wa miaka minne. Kipato ni mshahara wa kuogesha na kulisha wazee katika nyumba moja ya kutunza wazee katika mji wa Woodbury, na mshahara huo haukuwa umepanda. Niliigeuza barua nyuma, kana kwamba huko ningekuta maelezo ya upole zaidi, kisha nikaanza kusugua jiko ambalo nilikuwa nimelisugua asubuhi.

Jambo likinisumbua siwezi kuketi. Nilikunja nguo, nikakunjua, nikazipanga upya. Nilipochukua karatasi ya pili ya barua ndipo nikaona kosa lilipo. Chini ya mshahara wangu walikuwa wameandika matunzo ya mtoto, kila mwezi, na mbele yake kiasi ambacho nilikuwa nimekipokea mara moja tu.

Pesa hizo zilikuwa malimbikizo. Baba wa binti yangu ndiye aliyeshinda bahati nasibu ya green card, kibali cha kuishi Marekani, nami nikaja Minnesota kama mke wake. Tulipoachana mtoto alikuwa bado ananyonya. Mahakama ilimwamuru atoe matunzo, naye hakutoa, na deni likawa linapanda juu ya deni. Kisha majira ya baridi yaliyopita alipoandikia serikali kudai marejesho yake ya kodi, serikali ikayashika na kuyatia kwenye akaunti yangu. Yalitosha kodi ya nyumba ya mwezi mmoja na matairi mawili ya gari. Yakaisha.

Wiki chache baadaye kaunti walinipigia kukagua upya msaada wangu. Niliomba mkalimani wa Kiswahili. Kiingereza cha kazini nakiweza, cha kumwambia mzee inua mkono, geuka, meza dawa. Kiingereza cha fomu ni kingine, na mimi shule niliiacha darasa la saba. Mkalimani alikuwa mwanamke mwenye haraka. Aliniuliza kama baba wa mtoto anatoa chochote.

Nikasema, "Anatuma."

Yeye akamwambia mama wa kaunti, kwa Kiingereza, kwamba baba hutuma pesa kila mwezi. Nilisikia. Kiingereza changu kinafika hapo. Ningeweza kusema hapana, nilimaanisha wakati huu, mara hii. Lakini kwa Kiingereza sentensi ile ilisikika vizuri, ya mtoto mwenye baba, na nikaiacha ipite.

Neno hilo nilikuwa nalo kinywani tangu zamani. Wazazi wetu walipofariki, mmoja baada ya mwingine, nilibaki na wadogo zangu wawili. Baba yetu mdogo aliahidi mbele ya waombolezaji kwamba atatuangalia. Majirani walikuwa wakiniuliza kisimani, "Baba yenu mdogo anawakumbuka kweli?" Nami nilijibu anatuma. Ukisema hatumi, unamvua nguo ndugu wa baba yako hadharani, na wadogo zako wanageuka watoto wa kuhurumiwa. Kwa hiyo alituma, miaka yote, kwa mdomo wangu. Mimi nikawa nafulia watu nguo.

Jumapili alikuja mdogo wangu wa kiume, anayesoma chuo hapa na kulala huko huko chuoni. Aliisoma barua akiwa anakula chapati, akaisoma tena, akaanza kucheka. Alinieleza kwamba malimbikizo yakija mara moja hayahesabiwi kama kipato cha kila mwezi. Ila kaunti walikuwa wameambiwa ni ya kila mwezi, kwa hiyo wamenipa mume anayelipa vizuri kuliko waume wengi wa Minneapolis.

"Nani aliwaambia anatuma?" akauliza.

Nilisimama nikaenda kuzima jiko chini ya maji ambayo hayakuwa yakichemka.

"Dada."

"Mkalimani alikosea."

"Dada, ulifanya hivi hivi kwa baba mdogo."

Nikamgeukia. Hilo sikuwa nimewahi kulizungumza na yeyote kati yao. Nikamuuliza anajua nini kuhusu baba mdogo.

"Kwamba hakuwahi kuleta hata sabuni. Tulijua sote wawili. Tulikuwa watoto, hatukuwa vipofu." Akarudi kwenye chapati. "Tulikuachia tu, kwa sababu ulionekana kama unaihitaji hadithi hiyo."

Alipoondoka nilisugua sakafu yote.

Barua ilinipa siku kumi za kupinga. Nilipiga simu siku ya saba, nikiwa ndani ya gari nje ya nyumba yetu katika mji wa Crystal, binti yangu amefungwa mkanda kiti cha nyuma, injini ikiunguruma kwa ajili ya joto. Muziki wa kusubiri ulicheza hadi nikaukariri. Mara mbili nilishika kitasa cha mlango nikitaka kutoka nje nitembee, nikakumbuka mtoto. Hatimaye akaja mfanyakazi wa kaunti, na pamoja naye mkalimani mwingine, mwanamume mwenye Kiswahili cha Tanzania, mpole, anayeniita mama.

Mfanyakazi aliuliza kama baba anatuma au hatumi.

"Hatumi," nikasema.

Mkalimani hakutafsiri papo hapo. "Samahani, mama, nisije nikakosea. Hatumi tena, yaani ameacha? Au hajawahi?"

Yule wa kwanza hakuniuliza hivyo, na kama angeniuliza sijui ningejibu nini. Wipa zilikuwa zikifuta kioo kikavu. Nilizizima.

"Hajawahi," nikasema. "Ile ilikatwa kwenye kodi yake. Hakuituma yeye. Ilikuja mara moja."

Akatafsiri yote, neno kwa neno, bila kuongeza huruma. Nilisikia vidole kwenye kompyuta. Mfanyakazi akasema sasa anaona, malipo ni ya mara moja tu, atayatoa kwenye hesabu ya kila mwezi na kadi haitafungwa. Ila siku baba akianza kulipa deni lake kidogo kidogo, mwezi hadi mwezi, hicho kitakuwa kipato, niwaarifu, na chakula kitapungua. Nikasema nimeelewa. Nilielewa pia kwamba tangu siku hiyo nitakuwa nikifungua akaunti kila mwanzo wa mwezi bila kujua naomba nini.

Nilipokata simu binti yangu akaniuliza kutoka nyuma. Kiswahili anakielewa chote, lakini hujibu kwa Kiingereza. Alitaka kujua ni nani hajawahi, na hajawahi nini.

Mdomo wangu ulishafunguka na lile neno la zamani.

"Baba yako," nikasema. "Hajawahi kutuma pesa."

Alifikiri kidogo, akipiga viatu kwenye kiti changu. Akauliza kama pesa za chapati tunazo. Nikamwambia tunazo. Basi, akasema, twende ndani, anataka kukojoa.