Maziwa ya Mdogo Wangu na Panya Wanaong'aa

Mimi nina hasira za karibu, Makina nzima, mtaa wetu wa Kibera, inajua. Lakini siku ile nilikuwa na haki, au nilidhani ninayo. Mdogo wangu alikuwa amejifungua juzi, na nepi ya mtoto ilikuwa kavu tangu asubuhi. Nesi wa kliniki alishamwambia waziwazi: ikifika magharibi hajakojoa, usingoje kesho, mkimbize hospitali. Maziwa yalikuwapo. Matiti yalikuwa yamejaa mpaka yanauma, ila hayashuki.

Nilitoka Kawangware ninakoishi, nikafika kwake Makina nikakuta chumba kimejaa wanawake. Kwetu Wanubi mama aliyejifungua haachwi peke yake mpaka arobaini iishe. Kila mmoja anaingia, anambeba mtoto, anamtazama mama kifuani, anauliza, "Bado?" Udi unafuka. Shangazi yetu alikaa kitandani akimkanda matiti kwa kitambaa cha moto, na kila akikanda, mdogo wangu anauma meno. Mtoto alikuwa akilia kwa sauti inayokwama. Niliogopa, tena sana.

Sasa, kazi yangu ni panya. Si hawa wa Kibera wanaotafuna sabuni. Panya wa maabara yetu wamebadilishwa jeni. Wataalamu waliwawekea jeni ya kung'aa, wakaifunga pamoja na jeni ya ile homoni inayosukuma maziwa yatoke. Kwa hivyo seli za ubongo zinazotengeneza homoni hiyo, ukizimulika chini ya hadubini, zinawaka nyekundu, na seli za jirani zote zinabaki gizani. Mara ya kwanza kuziona nilisema "Aki!" kwa sauti, mkubwa wangu wa kazi akacheka.

Mimi nawalisha, nawasafishia, naangalia watoto wao. Mtoto mchanga wa panya ana ngozi nyepesi hivi kwamba maziwa yanaonekana tumboni, doa jeupe. Kuna wakati mafundi walikuwa wakitoboa ukuta wa chumba cha pili. Mama panya alikuwa amewalalia wanawe vizuri, wananyonya kabisa, na hakuna hata mmoja mwenye doa. Mama akiwa na hofu, homoni ile haitoki. Tuliwasimamisha mafundi, na jioni madoa yakaonekana. Tangu hapo chumba cha wanaonyonyesha hakiingiwi ovyo, hata mkubwa wangu hubisha hodi kwanza.

Basi nikawatazama wale wanawake, nikaona ni wale wale mafundi wa ukuta.

"Tokeni nje," nikasema. "Wote."

"Heh!" mmoja akadakia. "Daktari wa panya amefika."

"Na wewe pia, shangazi."

Shangazi aliweka kitambaa chini polepole. "Nimewalea nyinyi wote kwa mikono hii. Leo nifundishwe na panya?"

"Panya hawana kelele, shangazi."

Shangazi aliinuka, akajifunga leso upya, akatoka bila kunitazama, na wengine wakamfuata. Nilifunga mlango, nikashusha pazia. Mdogo wangu si panya, na kama nimekosea, jua lilikuwa tayari limeinama.

Nikamweka mtoto kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, nikawafunika kwa leso. Alinyonya, akaachia, akalia. Akanyonya tena, akaachia. Mdogo wangu akaanza kulia naye. Kumwambia asiogope kungemwongezea hofu, kwa hivyo nikamsimulia kazi yangu. Nikamweleza zile seli nyekundu. Nikamwambia na yeye anazo, ziko pale ndani nyuma ya macho, zinangoja atulie.

"Zangu zinawaka?"

"Zako hazina jeni ya kung'aa. Zako zinafanya kazi kimyakimya."

Akacheka kidogo huku machozi yakimtoka. Mabega yakashuka. Nami nikasikia: mtoto akameza. Kimya, halafu akameza tena. Leso upande wa titi la pili ikaanza kulowa. Sikuthubutu hata kusema Alhamdulillahi.

Mdogo wangu alimtazama mtoto muda mrefu. Kisha akauliza, "Dada, hizo seli si ziko ndani ya kichwa? Sasa nyinyi mnazionaje?"

Nikisema ukweli, maziwa yatakatika. Nikidanganya atajua, maana hajawahi kushindwa kunijua.

"Tunautoa ubongo," nikasema. "Tunaukata vipande vyembamba."

"Akiwa bado ananyonyesha?"

"Wakati mwingine, ndiyo. Hiyo ndiyo tunayotaka kuiona."

"Na watoto wake?"

"Tunawapa panya mwingine anayenyonyesha. Kama yupo."

Mtoto aliendelea kumeza, na mimi nililikodolea macho koo lake nikiogopa lisije likasimama. Halikusimama. Mdogo wangu alikuwa ameinua kichwa, anautazama mlango.

"Waite," akasema.

"Nani?"

"Shangazi. Wote. Wasinikande, wasiniulize kitu, lakini waingie wakae. Mimi nikiondoka duniani, dada, huyu atabaki na nani?"

Nilitaka kubisha. Badala yake nikainuka.

Nilifungua mlango. Nilidhani shangazi amekwisha kwenda kwake amenuna, na angekuwa na haki. Alikuwa ameketi kwenye kigoda hapo hapo kizingitini, chupa ya uji mapajani, wenzake wamejipanga ukutani, kimya kabisa.

"Amemeza?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Akawaashiria wenzake wangoje kwanza nje, akaingia, akakaa chini sakafuni mbali na kitanda, wala hakugusa mtu. Mtoto aliposhiba, mdogo wangu mwenyewe alimkabidhi kwa shangazi. Shangazi akampakata bila nepi, ili mkojo ukija usipite bila kuonekana, akamwimbia puani. Adhana ya magharibi ilikuwa bado haijaanza shangazi alipoinua paja kwa ghafla, akaitazama leso yake inavyolowa, akapiga kigelegele.

"Amenikojolea! Njooni muone, amenikojolea!"

Wanawake wote wakaingia kwa mkupuo, na safari hii mimi ndiye niliyewafungulia mlango wazi.