Niliuza Simu ya Marehemu Nitengeneze Kompyuta ya Mwanangu

Siku ya hamsini na mbili tangu tumzike mume wangu, mume wangu aliingia kwenye kompyuta.

Msinicheke. Nilikuwa jikoni nakuna nazi, nikamsikia mwanangu Lamis akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, Baba amekuja."

Nilikwenda mbio na nazi mkononi.

Kwenye skrini palikuwa na maandishi madogo ya kijani: Saif ameingia. Na yule mtu wa mchezo, wa shati la buluu, ambaye Saif ndiye aliyekuwa akimwendesha, amesimama mbele ya mlango. Hasemi. Haondoki.

Nikakaa chini pale pale.

Ngojeni niwaeleze vizuri, maana mkinisikia juu juu mtadhani nimepagawa.

Mimi naitwa Fadhiya, nakaa Mji wa Kale, vyumba viwili vya kupanga. Saif alikuwa karani bandarini. Alianguka kazini asubuhi, adhuhuri tukaambiwa ni moyo, kabla ya magharibi tukamzika. Sikupata hata kumuuliza funguo ameziweka wapi.

Nikaingia eda. Kwa asiyejua, mjane kwetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki ila kwa dharura. Dunia yangu ikawa vyumba viwili na dirisha.

Na Lamis. Miaka tisa, binti yangu wa pekee.

Lamis hakulia. Hakulia siku ya maziko, hakulia kwenye hitima, arubaini ikapita hakulia. Akirudi chuoni, madrasa, anakaa mbele ya kompyuta ya babake mpaka nimwite kula.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya ofisi fulani, Saif aliinunua Mwembe Tayari ikiwa imeshachoka. Ndani yake, yeye na Lamis walikuwa na mchezo wa kujenga. Tofali juu ya tofali, wakajenga nyumba ya ghorofa, ina baraza, mlango wa nakshi, hata kisima. Saif akiwa kazini, wakati wa mapumziko aliingia kwa simu yake, Lamis akaingia kwa kompyuta, wakakutana humo. Nyumba ya kweli hakuwahi kutujengea. Ile ndiyo aliyoijenga.

Basi kompyuta ikaanza kufa.

Ukiiwasha, unapika chai ukainywa ukaosha na kikombe. Mara inazima yenyewe katikati. Lamis anabaki mbele ya skrini nyeusi, kimya, anangoja. Nilimwona mwanangu anapotea mbele ya macho yangu, nami sina la kufanya.

Shemeji yangu Faraj, mdogo wa Saif, akaniletea fundi, kijana wa bara anaitwa Ken. Sasa mimi ni mjane wa eda, mwanamume wa kando hanioni. Ken akaifungua kompyuta ukumbini, Faraj kakaa naye, mimi nyuma ya pazia nauliza maswali kama hakimu.

"Mama, hii si ya kutupa," akasema Ken. "Memori ni ndogo, na diski ni zile za zamani zinazozunguka. Tukiongeza memori na tukatia diski ya kisasa, mchezo utakwenda. Kadi ya picha iacheni, pawa yake haiwezi kuibeba."

"Na nyumba yao?"

"Nyumba gani?"

"Waliyoijenga humo."

"Hiyo iko mtandaoni, Mama. Haipotei."

Pesa sikuwa nazo. Nilikuwa na simu ya Saif.

Hapa ndipo penye aibu yangu, lakini nimeanza wacha nimalize. Wiki ya kwanza ya msiba, mavyaa wangu, Bi Mwanakuu, mamake Saif, aliniomba simu ile. "Nipe nikae nayo tu, mwanangu. Kuitumia siijui, lakini ilikuwa mkononi mwake."

Nikamjibu kwa ukali, tena mbele za watu, "Vya marehemu ni vya yatima. Havigawiwi."

Alijifunga leso yake akaenda zake, na hatukusemezana tena. Nyumba yake ni vichochoro vitatu kutoka kwangu.

Na mimi huyo huyo nikampa Faraj simu akaiuze.

Ken akarudi na vitu vyake. Akapuliza vumbi, akatia memori, akabadilisha diski. Kompyuta ikawaka chapuchapu, na Lamis akacheka. Kicheko kidogo cha puani, lakini nilikisikia. Nilikwenda jikoni nikalia kwa furaha.

Siku tano baadaye ndipo Saif alipoingia.

Akawa anakuja kila siku baada ya alasiri. Anasimama mlangoni nusu saa, kisha anaondoka. Lamis anamzunguka, anamwonyesha alichojenga, anamwandikia. Hajibu.

"Amechoka na kazi," Lamis akaniambia.

"Mwanangu, Baba amekufa. Ulimwona akitolewa."

"Niliona jeneza."

Akaanza kumtengea sahani. Akakataa kula mpaka Baba aje ale naye. Chuoni akawaambia wenzake babake karudi, mwalimu akanipigia simu kuuliza, kwa adabu sana, kama mtoto yu mzima.

Nilijua ni aliyeinunua simu. Nikampigia Faraj. "Ulimuuzia nani?"

"Mtu wa Makupa, shemeji. Simjui."

"Nipe namba yake."

"Sina. Usiniulize zaidi, tafadhali."

Sauti yake haikunipendeza. Nikakaa mwenyewe kwenye kompyuta, mimi nisiyejua hata kipanya kinashikwaje, nikaandika kwa kidole kimoja: Wewe ni nani?

Kimya.

Nikaandika: Nakuomba kwa jina la Mungu, huyu ni yatima, mwenye simu amekufa, niachie mwanangu.

Yule mtu wa shati la buluu kasimama tu. Nikamtukana. Mola anisamehe, nilimwandikia matusi ambayo mjane wa eda hapaswi hata kuyajua.

Kesho yake, Lamis akiwa chuoni, nikachomoa waya wa kompyuta nikaufungia kabatini.

Akarudi, akaona. Hakugomba. Akauliza tu, "Baba akija atafunguliwa na nani?"

"Hakuna Baba, Lamis. Hayupo. Hatakuja." Nilimpigia kelele mpaka koo likaniuma.

Nikaingia msalani kutawadha. Nilipotoka, mlango u wazi na viatu vyake havipo.

Niliita ngazini, nikaita dirishani. Nikampigia Faraj, hashiki. Nikaitupa simu kitandani. Nilishamwona mwanangu kagongwa na tuktuk, kachukuliwa na mtu, kaenda kumtafuta babake bandarini kati ya malori. Mume nilishampoteza, huyu ndiye aliyebaki, na mimi ndiye niliyemfukuza kwa ulimi wangu.

Nikatoka.

Jirani yangu Mwanaesha akanikuta kwenye ngazi. "Fadhiya, na eda yako?"

"Mwanangu hayupo, Mwanaesha. Dharura ina hukumu yake."

Nilikimbia na nguo zangu za eda, ndala mguu huu nyekundu, mguu huu ya msalani. Watu wa barazani walinyamaza nikipita. Niliuliza kila duka. Mama mmoja muuza mbaazi akaniambia amemwona msichana mdogo peke yake, anashika njia ya Mwembe Tayari.

Hapo nikafahamu. Anatafuta kompyuta. Kibanda cha Ken anakijua, alikwenda na Faraj siku ya kuchukua diski.

Mwembe Tayari saa zile mabasi ya bara yanapakia. Makuli, masanduku, honi. Nilipenya katikati yao nikiita Lamis, Lamis, na hakuna aliyegeuka.

Nikamkuta. Kakaa kwenye kiti cha Ken, miguu haifiki chini. Ken kasimama nyuma yake na simu sikioni.

"Mama Lamis, nakupigia wewe hushiki."

Sikumpiga mwanangu wala sikumkumbatia. Kwenye skrini, mtu wa shati la buluu kasimama mlangoni.

"Huyu ndiye anayemwita babake?" Ken akauliza. "Mnazungumza naye kwa kuandika tu?"

"Tufanyeje tena?"

"Mchezo huu una sauti, Mama. Ile yenu haina spika wala maiki, ndiyo maana hamkujua." Akachomeka vyake, akabonyeza mahali. "Sema, mtoto."

Lamis akasogea. "Baba?"

Tukasikia mkwaruzo, kisha pumzi ya mtu. Halafu sauti ya kizee, ya mtu aliyeshtuka.

"Nani huyo? Lamis? Mjukuu wangu, ni weye?"

Bi Mwanakuu.

Baadaye Faraj alinieleza yote. Simu hakuipeleka Makupa. Mamake alivua bangili yake akampa auze, simu akaichukua yeye, akamwapisha asiniambie. Akaomba aonyeshwe ule mchezo Saif aliokuwa akicheza na mwanawe. Akajifunza kuingia, basi. Na maandishi yetu aliyaona, ila mavyaa wangu amesoma chuoni, anajua herufi za Kiarabu tu. Yale matusi yangu aliyatazama asijue ni nini.

Lakini pale kwa Ken sikuyajua hayo. Nilimsikia tu mwanangu akiuliza, "Bibi, Baba yuko wapi?"

Moyoni niliomba aongope.

"Hayupo, mwanangu. Baba yako tumemzika. Mimi huja hapa kila siku nikidhani labda nitamwona, kwa kuwa nyumba ni yake. Simwoni. Nakuona weye, ndipo nakaa."

Lamis akalia.

Jamani, mwanangu alilia. Alilia kinywa wazi, kamasi zinatiririka, makuli wakasimama na mizigo yao kichwani kumtazama. Nikampakata nikalia naye. Na kwenye spika mwanamke mzee akalia peke yake chumbani mwake.

Nikajikokota mpaka kwenye maiki. "Mama, ni mimi Fadhiya. Nisamehe."

"Umetoka nje na eda, mwanangu?"

"Nimetoka kumtafuta mtoto."

"Haya. Rudini nyumbani. Nakuja kukaa nanyi."

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Msemo huo nilikuwa nikiujua siku zote, nikadhani mzazi anayesemwa ni mimi. Nawe uliyefiwa, kabla hujagawa wala kuuza vya marehemu, tazama nani mwingine anamlilia.

Mimi mavyaa wangu nilimwacha amesimama mlangoni siku kumi na tatu, kwenye nyumba aliyoijenga mwanawe mwenyewe.